Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanafunzi Wetu na Kuzungumza Kiingereza

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya chama chetu cha walimu wa Kiingereza vyuoni kwa mwaka unaomalizika. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Mimi nitajikita katika suala lililotushughulisha zaidi, yaani ugumu wanaoupata wanafunzi wanapotakiwa kuzungumza Kiingereza, lugha ambayo kwao ni ya kigeni.

Katika madarasa tuliyoyatembelea tuliwakuta wanafunzi wanaoandika insha nzuri, lakini wanaoinamisha vichwa mara mwalimu anapouliza swali. Mmoja alianza kueleza jaribio lake la maabara, akakosea wakati wa kitenzi, akasahihishwa papo hapo. Akaanza upya, akasahihishwa matamshi, kisha akaketi, asiseme tena hadi kipindi kilipokwisha. Inaniuma kusikia mwanafunzi wa aina hiyo akiitwa mvivu, ilhali tangu mwaka 1986 mtafiti wa ufundishaji wa lugha Elaine Horwitz na wenzake walikwisha kuueleza wasiwasi huu wa darasa la lugha ya kigeni na kutunga dodoso la vipengele 33 la kuupima.

Juu ya wasiwasi huo kuna uhaba wa muda. Wanafunzi 60 wakigawana saa moja sawasawa, na mwalimu asitamke neno, kila mmoja hupata dakika moja tu. Na kwa kuwa mitihani mingi ni ya kuandika, hata dakika hiyo huishia kwenye mazoezi ya sarufi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hutunga sentensi katika lugha yake, akaitafsiri kimoyomoyo, akaikagua, na anapokuwa tayari kuitamka, wenzake wamekwisha kuhamia hoja nyingine.

Sehemu kubwa ya dawa, kwa maoni yangu, tunayo sisi walimu. Kamati imejaribu zoezi la 4/3/2, ambalo mwanafunzi humweleza mwenzake jambo fulani kwa dakika 4, kisha humweleza mwingine jambo lilelile kwa dakika 3, na wa tatu kwa dakika 2, bila kukatizwa. Mwalimu hupita akiandika makosa, ambayo huyajadili baadaye bila kumtaja mtu. Kelele huwa nyingi, lakini kufikia zamu ya tatu tuliwasikia hata wale wakimya wakizungumza kwa mfululizo.

Kamati inaomba mkutano uridhie tupendekeze vyuoni kwamba mtihani wa mdomo uingizwe katika alama za mwisho. Wanachama walio tayari kulitumia zoezi hili muhula ujao wajiandikishe kwa katibu kabla ya mkutano kufungwa.