Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii: Mvua Isiyoonekana Korongoni Hell's Gate

Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Malindi. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili hapa mjini. Nakuandikia kuhusu safari niliyoifanya na wanafunzi wangu hadi Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Naivasha, na hasa kuhusu robo saa moja ya safari hiyo ambayo hadi leo haijanitoka moyoni.

Mtu aliyekulia Malindi anaijua mvua ya mbali. Ukisimama kwenye daraja la Sabaki, barabara ya kwenda Lamu, waweza kuukuta mto umefura, maji mekundu kama udongo wa kufinyangia vyungu, yanasukuma magogo, na huku jua linakuchoma utosini. Bahari yetu hugeuka rangi, na wageni huuliza ni nini kilichomwagwa. Hakikumwagwa kitu. Mvua imenyesha Nairobi au Ukambani siku kadhaa nyuma, Athi umeibeba, mbele huko ukaitwa Galana, na ukitufikia sisi unaitwa Sabaki. Nilitaka wanafunzi wangu waufuate mto huo kinyumenyume, waone yanakotoka maji yanayotuchafulia pwani, kisha wavuke hadi Bonde la Ufa wajionee umeme unavyotoka ardhini.

Tuliondoka alfajiri ya saa kumi. Kilifi, Mombasa, Mariakani, hayo wanayajua. Baada ya Maungu ndipo usingizi uliwatoka, vilima vya Taita vilipoanza kujitokeza kimoja kimoja. Tulilala Nairobi, asubuhi tukapitia Limuru, baridi imewakunyata wote ndani ya leso za mama zao.

Basi likafika ukingoni. Mheshimiwa, mtoto wa pwani amezoea nchi iliyolala. Mlima wake mkubwa ni mchanga wa Mambrui. Pale barabara ilipopinda na miti kuachana, chini kukawa wazi mpaka macho yanachoka, na katikati umekaa Longonot, mlima wa volkeno wa mita 2,776, kinywa chake kimeachama. Mvulana mmoja aliyekuwa mbele alisema, "Mwalimu, dunia imekatika!" Sikuwa na la kuongeza. Ndivyo ilivyo, bara linapasuka hapo polepole, na kitabu changu kinatumia kurasa tatu kusema alichokisema yeye kwa maneno mawili.

Tulishuka kuelekea Mai Mahiu, tukalipita kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiichimba barabara ile. Watoto wa Malindi wanaoamkia watu Kiitaliano tangu wakiwa wadogo walilishangilia kama wameona jirani. Ila tulipoingia Mai Mahiu kwenyewe basi lilinyamaza. Wote walikumbuka tarehe 29 Aprili 2024, maji yalipoteremka usiku na kuwazoa watu usingizini, wengi wao wasionekane tena. Kwa Kikuyu jina la mji huo maana yake ni maji moto.

Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, nayo ilipewa jina hilo na wasafiri wa Kizungu, Fischer na Thomson, waliopita hapo mwaka 1883. Wanafunzi wangu waliliona jambo hilo upesi, kwa kuwa sisi tuna Nyari, lile bonde la magenge mekundu kule Marafa, ambalo wageni nao wamelibandika jina la jahanamu. Kwa nini kila ardhi yetu iliyochongwa vizuri huitwa ya motoni, waliniuliza. Swali hilo nakuachia na wewe.

Ndani ya mbuga tulikodi baiskeli. Sijui pahali pengine nchini ambapo ningewapitisha watoto kwa baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na ngiri, magenge yamesimama kushoto na kulia. Mbele kidogo tukaanza kuusikia mvuke kabla ya kuuona, mngurumo kama wa ndege isiyopaa. Halafu harufu. "Yai viza!" wakapiga kelele, na kweli ni gesi ile ile. Hapo nilifundisha somo langu bora la mwaka, nimesimama kando ya bomba lililofungwa mabati. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, hushuka mpaka kwenye mawe yaliyopashwa moto na uji wa volkeno, huchemka bila pa kutokea, na visima vinavyochimbwa hadi karibu kilomita tatu ndivyo vinavyoyapa njia. Mvuke huzungusha rafadha, umeme ukapatikana. Visima vya kwanza vya Olkaria, ndilo jina la eneo hilo la mvuke, vilianza kuchimbwa miaka ya 1950, umeme ukaanza kutoka mwaka 1981, na mbuga ikatangazwa mwaka 1984. Msichana mmoja aliuliza ikiwa taa ya kwao Maweni inawashwa na mvuke huo. Nilimwambia ndiyo, kwa sehemu kubwa.

Sasa ile robo saa.

Tulikuwa tumeshuka sehemu ya korongo tuliyoruhusiwa na mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai mwenye maneno machache. Kuta zimekaribiana, ni mwamba wa majivu ya kale uliolainishwa na maji hadi ukawa kama mgongo wa jahazi. Maji ya uvuguvugu yanachuruzika ukutani, na watoto wanaweka viganja na kuvitoa. Juu, utepe wa mbingu ya buluu. Kijana yule akasimama, akatazama upande wa vilima, akasema turudi.

Nilimbishia, Mheshimiwa. Nakiri. Nilimwambia, "Ndugu yangu, hawa watoto wametoka baharini, wamelala barabarani, wamechanga pesa mwaka mzima. Mbingu hii safi." Wageni wengine waliokuwa nyuma yetu nao wakaanza kuguna, mmoja akamwambia wazi kuwa amelipwa kuwaingiza, si kuwatoa. Msichana wangu mmoja akaanza kulia. Kijana hakupandisha sauti. Aliinua fimbo yake na kunionyesha ufa ukutani, juu ya kichwa changu kwa kama urefu wa mkono. Ndani yake kulikuwa na nyasi kavu na vijiti vimejisokota, na kipande cha kamba ya kiatu.

"Mwalimu," aliniambia, "hizo hakuzipandisha mtu."

Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu habari za Sabaki, nilihitaji kuonyeshwa kamba ya kiatu ndipo nikumbuke. Tukapanda.

Maji hayakuja siku ile. Tulikaa juu zaidi ya saa moja, mchanga wa chini ukabaki mkavu, na wale wageni wengine walimsema yule kijana mpaka walipoondoka. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Alifanya kazi yake sawasawa na alichopata ni matusi. Siku nyingine wingu litakapotokea na watu wakambana vile vile, ana familia ya kulisha. Atafanyaje?

Wewe unajua kilichowahi kutokea humo. Aprili 2012 vijana saba waliokuja na kundi la kanisa walisombwa. Septemba 2019 wakafa tena watu saba, mmoja wao mwongozaji. Korongo ni jembamba, mwamba wake haunywi maji, na mvua ikipiga vilimani huko aliyeko chini hapati tone la kumtahadharisha. Atakachosikia ni mvumo, na akishausikia kuta hazina pa kushika.

Ninachokuomba hakizidi uwezo wa nchi inayochimba kilomita tatu chini ya ardhi kutafuta mvuke. Naomba vipimo vya mvua viwekwe vilimani, kwenye vijito vyote vinavyolishuka korongo hilo, viunganishwe kwa redio na king'ora kinachosikika hadi ndani kabisa. King'ora hakibembelezwi, wala hakitegemei bahashishi. Naomba pia sheria iseme wazi kwamba mwongozaji akisema tokeni, neno lake ni la mwisho, na ujira wake wa siku hiyo uko palepale hata kama hakumshusha mtu hata mmoja. Kwa maoni yangu hili la ujira lina uzito kuliko hata mitambo, maana mitambo huharibika, na siku imeharibika tutamtegemea kijana na fimbo yake.

Na pale watu wanapoanzia kushuka, maneno yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mtoto aweze kuyasoma akitembea: mvua ikinyesha vilimani, maji huja hapa bila mvua. Chini yake iandikwe miaka ile miwili, 2012 na 2019. Wanaokuja mbugani humo siku hizi ni watoto wa shule, vikundi vya makanisa na madrasa, maharusi, chama cha akina mama. Wanaopotea ni wao.

Tuliporudi nyumbani Sabaki ulikuwa umejaa. Niliwashusha darajani, tukasimama wote tukitazama maji mekundu yakipita, na yule msichana aliyelia korongoni akaniuliza kama huenda ndiyo ile mvua. Nilimweleza kuwa maji ya Naivasha hayatufikii, Bonde la Ufa limeyazuia kule. Akatikisa kichwa. "Lakini ni ya mvua ambayo sisi hatukuiona," akasema.

Muhula ujao kidato kingine kinaingojea safari hii, na wazazi wameshaanza kuchanga. Nimewaahidi mlima, nimewaahidi baiskeli na mvuke. Korongo sijawaahidi. Nangoja jibu lako.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa Jiografia, Malindi