Nimemaliza, shoga yangu

Ngamiani, Tanga
Jumanne usiku

Shoga yangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo, na shemeji hajambo, na watoto wote wazima huko Dodoma. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mdogo anaota magego, na usingizi wa nyumba nzima uko mikononi mwake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Umeuliza mengi, lakini moja umelirudia: "Muda uliutoa wapi, shoga, na cherehani hiyo, na watoto watatu?" Nimeona nikuandikie, maana jibu lake ni refu na kwenye simu tungekatizwa na watoto wa pande zote mbili. Kwanza habari yenyewe ni ya kweli. Niliogelea mita 750, nikaendesha baiskeli kilomita 20, nikakimbia kilomita 5, yote kwa mfululizo, na nikafika. Huo ndio mchezo wa triathloni, tena kwa kipimo chake kifupi. Ule wa Olimpiki ni mara mbili: mita 1,500, kilomita 40, kilomita 10.

Muda sikuutoa popote. Niliuomba. Hilo ulishike kabla sijaendelea, kwa sababu najua tulivyo: tunangoja watoto wakue kidogo, sare za shule zipungue, mgeni aondoke, tukiamini kuna wiki itakuja imelegea yenyewe. Haiji. Nilikaa na Baba Rukia siku ambayo hakuwa na zamu bandarini, tumeshakula, nikamweleza kwa kirefu. Alfajiri ya Jumanne, alfajiri ya Alhamisi, na Jumapili mpaka saa tatu. Jumanne uji utapika wewe na kumvalisha Idi sare. Alhamisi mama atakuja kulala kwetu tangu jana yake. Jumapili mdogo utakuwa naye wewe, na maziwa nitayaacha nimeshayachemsha. Sikumwomba anisaidie kwa jumla jumla. Mtu akiombwa hivyo hukubali papo hapo, kesho yake hajui aanzie wapi. Nilimtajia sufuria, nikamtajia saa.

Akaniuliza, "Mama Rukia, unatafuta nini hasa?" Nikamwambia tangu nimzae wa mwisho mwili wangu naujua kwa kuinama tu. Naiinamia cherehani, naliinamia beseni, namwinamia mtoto. Nataka kuunyoosha. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza uji unatiwa sukari kiasi gani.

Umesema nina bahati ya mume anayeelewa. Ni mtu mwema, haki yake simnyimi. Lakini hakuamka siku moja ameelewa. Wiki za mwanzo Rukia alikwenda shule na soksi za mdogo wake, na mimi niliubana ulimi wangu, kwa sababu ningerudi kuzisimamia soksi, alfajiri ile ingekuwa imekwisha. Mama mkwe ndiye niliyemwogopa zaidi, na yeye ndiye aliyenishangaza. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Nenda, ukirudi pitia mkate." Watu wa mtaani walisema yao, mama wa watoto watatu anakimbia barabarani na suruali. Walisema, wakachoka.

Sasa kuogelea, maana huko ndiko kulikokuwa na kazi. Wewe na mimi tumekulia pwani, tumechokoa pweza na kuokota kombe, lakini maji yakifika kiunoni tunarudi. Kaka zetu walikuwa wanaruka kutoka ukutani na sisi tunawashikia nguo. Naona ni jambo la kusikitisha, Mwanahamisi, na ninalisema kwa uzito: mwanamke wa pwani anaishi na bahari maisha yake yote, anapanda mtumbwi na mashua na mtoto mgongoni, na akitumbukia hana la kufanya. Ndiyo maana Rukia na yeye sasa anajifunza.

Mimi nilifundishwa na binti ya dada yangu. Yeye alikaa Nungwi, Unguja, kule ambako Mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea huku wamevaa nguo za kujisitiri. Alinipeleka ufukweni Raskazone, na siku ya kwanza hakunifundisha mikono wala miguu. Alinifundisha kutoa pumzi. Ingiza uso majini, toa pumzi yote kwa pua na mdomo, viputo vitoke, kisha geuza shingo uvute. Sisi tusiojua tunaziba pumzi, kifua kinajaa, hofu inapanda, halafu tunadhani tumechoka kumbe hatujatoa hewa. Nilipoweza hilo tu, kichwa kikatulia. Baadaye ndiyo akaniwekea mkono chini ya mgongo, akanilaza juu ya maji, na siku alipouondoa mkono sikujua ameuondoa.

Bahari nayo ina ratiba yake. Maji yanachelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumanne ya wiki hii si Jumanne ya wiki ijayo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yanajaa kiasi cha saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na ikifika saa nne asubuhi yamekupwa mpaka unatembea kwenye tope. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kunabaki na kina cha kutosha, lakini yanasogea kwa uvivu. Nilibandika kalenda ya mwezi ukutani, juu ya cherehani, na kila wiki nikipanga: siku maji yapo nitaogelea, siku hayapo nitakimbia. Ramadhani kuogelea niliweka kando kabisa, nikawa natembea kwa kasi baada ya tarawehe, na mdogo mgongoni.

Nikueleze na vazi, najua unalingojea. Aheda Zanetti, mama wa Australia mwenye asili ya Lebanoni, alibuni vazi la kuogelea la wanawake wanaojisitiri mwaka 2004, nami nilitazama picha mpaka nikaelewa lilivyokatwa. La kununua sikuweza. Nikaenda kwenye mitumba, nikachagua nguo za mazoezi za kitambaa kinachovutika, nikazifumua zote. Siri, shoga, haiko kwenye kufunika, iko kwenye maji kupita. Pamba inakunywa maji na kukuvuta chini. Gauni pana linafunguka mbele ya mapaja na kukurudisha nyuma kila unapopiga teke. Kwa hiyo suruali niliibana mpaka kifundoni, blauzi nikaishusha mpaka katikati ya paja, na kwa ndani nikashona vikamba vya kuifunga kwenye kiuno cha suruali ili isipande. Ushungi niliukata mzima na kola, bila pini. Mishono ya kwapani na ya mapajani niliilaza ikawa bapa, maana chumvi ikikutana na mshono uliosimama, baada ya kilomita chache ngozi inachubuka. Juu yake nikapaka vaselini. Vazi hilo hilo niliogelea nalo, nikaendeshea baiskeli, nikakimbilia, likakauka mwilini. Nimeshona nguo za harusi nyingi, lakini hakuna nguo niliyoijivunia kama hiyo.

Baiskeli haikunisumbua. Tanga ni tambarare na baiskeli kwetu si habari, unajua mwenyewe. Nilichukua ya kaka, ya mtumba, yenye gia. Fundi akabadilisha mnyororo, akaipandisha siti ili goti lisikunjwe sana. Nilipenda kwenda kuelekea Pongwe kabla jua halijakaza, mkonge pande zote, ila malori ya saruji yanapopita unashika usukani kwa mikono miwili na kumtaja Mola. Siku za mwisho kabla ya mashindano nilikuwa nikishuka kwenye baiskeli nakimbia hapo hapo, dakika kumi tu. Hilo usiliache ukianza. Mapaja yamezoea kuzungusha yakiwa hayabebi mwili, ghafla unayataka yaubebe, na yanakataa. Ukiyafundisha, siku ya siku yanalalamika kidogo kisha yanakubali.

Usiku, nikimnyonyesha mdogo, nilikuwa nasoma habari za mchezo wenyewe kwenye simu. Ulianza mwaka 1974, Septemba 25, Mission Bay, San Diego, kule Marekani, na washiriki walikuwa 46. Siku hiyo walitangulia kukimbia na kuogelea kukawa mwisho. Siku hizi kuogelea ndiko kunatangulia, na mimi naona ndiyo salama, kwa sababu bahari si mahali pa kumpeleka mtu aliyekwisha choka. Aliyenigusa zaidi ni Nicola Spirig wa Uswisi. Olimpiki ya London mwaka 2012 alifika mstarini pamoja na Lisa Nordén wa Sweden, muda wao ukawa mmoja, ikabidi waamuzi watazame picha, na dhahabu akapewa yeye. Mwaka 2013 akajifungua. Mwaka 2016 kule Rio akarudi akachukua fedha. Najua yule ni mwanamichezo wa kazi na mimi ni fundi cherehani. Lakini saa nane za usiku, mtoto kifuani, habari ya mama aliyezaa akarudi kwenye maji ilinitosha.

Mashindano yenyewe yalikuwa madogo, ya wenyeji, hapo hapo Raskazone. Waandaaji walichagua siku chache baada ya mwezi mpevu, ili maji yawe yamejaa kiasi cha saa moja asubuhi, wakati upepo bado umelala. Nilitandika kanga yangu pale pa kubadilishia, nikapanga vitu kwa mfuatano wa kuvaliwa: taulo, helmeti, raba zenye lastiki badala ya kamba, chupa ya maji niliyotia chumvi, sukari na ndimu. Kuna sheria nimeipenda, kwamba hugusi baiskeli mpaka helmeti imefungwa kidevuni, na huivui mpaka umeirudisha baiskeli mahali pake.

Firimbi ilipolia niliwaacha wenye haraka watangulie, nikaingia pembeni. Maji yalikuwa vuguvugu. Kila nikigeuza shingo kushoto kuvuta pumzi nakiona Kisiwa cha Toten, na meli imetia nanga, nikiinua uso naona boya. Yavuyavu mmoja alinigusa mkono, ukawasha, nikaendelea. Kwenye boya la mbali kuna mtu wa mtumbwi wa uokozi aliniuliza, "Dada, salama?" Nikamjibu "salama" na sauti ikatoka vizuri, wala sikuhema. Hapo ndipo nilipojua nitamaliza, kabla hata ya kuikanyaga nchi kavu.

Baiskeli ilikuwa mizunguko minne ya kilomita 5. Sina mengi ya kukueleza hapo, nilikanyaga, nilikunywa, nilishukuru miti ya mwarobaini kwa kivuli. Mbio ndizo zilinikaza. Fukuto la Tanga unalijua, hata jua halijapanda unakuwa umelowa. Kilomita ya kwanza miguu haikuwa yangu. Nilipunguza hatua, nikahesabu pumzi kama nilivyofundishwa majini, nikamwacha kijana mmoja anipite, na mwingine. Kwenye kona ya mwisho nikasikia sauti ya mama mkwe. Alikuwa amesimama juu ya kiti cha mtu, ushungi umemwanguka mabegani, anapiga kigelegele ambacho sijakisikia tangu harusi ya shemeji. Rukia akakimbia pembeni yangu mpaka mwisho, na Baba Rukia ana mdogo begani na chupa ya uji mkononi, uji alioupika yeye.

Nilikuwa miongoni mwa waliofika mwisho. Hilo wala halikunipunguzia kitu. Nililia, Mwanahamisi, nikamkumbatia yule binti ya dada nikiwa nimejaa chumvi, na yeye akalia.

Jioni ile ile niliketi kwenye cherehani, kwa sababu kulikuwa na sare za watu za Jumatatu. Miguu ilikanyaga pole pole, lakini ilikanyaga. Tumekubaliana nyumbani kwamba alfajiri zangu zinabaki, mashindano yawepo yasiwepo. Baba Rukia naye ameomba jioni mbili za mpira na wenzake, nikamwambia anitajie saa.

Basi na wewe. Dodoma hakuna bahari, lakini barabara ipo, na miguu unayo. Anza na kutembea na kukimbia, kuogelea tuachie sisi. Likizo ya Desemba njoo na watoto wote, mama mkwe ameshasema atawashika, na binti ya dada yuko tayari kukuingiza majini. Lakini kabla ya hapo kaa na shemeji, umtajie siku na umtajie saa, usimwachie abahatishe.

Vazi nimeshaanza kukukatia, rangi ya bluu iliyokolea. Nitumie kipimo cha kiuno, nyonga, urefu wa mkono kutoka begani, na urefu wa mguu kwa ndani. Usinipe vile vya gauni la harusi ya Asha, vimepitwa. Pima upya, shemeji akushikie utepe, unitumie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumamosi kuna mtu anapanda basi kuja huko na atakuletea.

Wako,
Saumu (Mama Rukia)