Uwanda wa nyasi si ardhi tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu nyasi. Juzi nilimsikia ofisa mmoja mkutanoni akiuita uwanda wa nyasi za asili "ardhi tupu inayosubiri miti". Watu wakapiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani nimeumia, kwa kuwa mwaka wa 12 huu nahangaika kukirudishia nyasi zake kipande kimoja cha malisho.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Malisho yalikuwa yamechoka, yamejaa vipara, udongo umefanya ukoko mgumu na mvua inateleza juu yake kama juu ya bati. Nikashauriwa nilime pote nipande nyasi za kigeni zinazokua haraka. Trekta liling'oa hata mashina machache ya asili yaliyokuwa bado hai. Ukame ulipokuja zile ngeni zikafa zote, nikabaki na vumbi.

Nilipoanza upya sikulima. Nilizuia mifugo, nikavunja ukoko kwa jembe la mkono, nikachimba makinga maji ya nusu mwezi yaliyofunguka upande wa juu wa mteremko, kisha nikatandaza matawi ya miiba. Mbegu nilizifuata kando ya reli na makaburini, mahali ambapo mifugo haifiki.

Hapo ndipo nilipoijua Themeda triandra, nyasi inayoota Afrika, Asia hadi Australia. Mbegu yake ni ya kahawia, ncha kali kama sindano, na nyuma ina unywele mrefu mweusi uliopinda. Iweke kiganjani uidondoshee tone la maji. Unywele unaanza kujisokota taratibu, na mbegu inasogea ikitafuta ufa wa kuingia. Inajipanda yenyewe! Ila haitaki haraka: ikiwa mbichi hulala miezi mingi kabla ya kuota. Mara ya kwanza nilidhani nimeokota mbegu mbovu, kumbe nilitakiwa kungoja tu.

Sasa mtu aje achimbe mashimo ya miti humo? Nyasi hizi zinataka jua. Kivuli kikifunga, zinakufa. Na utajiri wake uko chini ya ardhi. Nilipokuwa nachimba shimo la nguzo, mizizi iliendelea kushuka hadi nilipochoka mimi. Kaboni, ile ambayo ikiwa hewani huongeza joto la dunia, ikihifadhiwa na mizizi hiyo hubaki udongoni hata moto ukipita juu. Marekani waliulima uwanda wao wa nyasi ndefu, leo haijabaki hata asilimia 4. Chuo kikuu cha Wisconsin kilianza kurejesha kipande kimoja cha uwanda huo miaka ya 1930, na hadi leo bado wanakihudumia, pamoja na kukichoma kwa mpango.

Wapo pia wanaosema tuzungushe ua tusiguse kabisa. Nao siwaungi mkono. Nyasi zisipoliwa, zisipokatwa wala kuchomwa, majani makavu huzisonga na shina hufa kuanzia katikati. Mifugo iingie, ile, itoke, isirudi mpaka zimenyanyuka tena. Mimi kila mwaka huacha sehemu moja bila kuikata mpaka mbegu zianguke, hata kama nahitaji sana majani.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Ombi langu kwa wanaopanga miradi ni dogo: kabla ya kuleta miche au trekta, piga magoti hapo uhesabu aina za nyasi zilizopo, uwaulize wanaochunga zipi zimepotea. Pumzisha msimu mmoja uone kitakachoibuka chenyewe. Fedha za miche zinunue mbegu za asili kwa wanaozikusanya.

Kwangu bado kuna kipara kimoja, karibu na lango, nilichokimwagia mbegu miaka yote hii. Msimu huu yametoka mashina manne.

Mfugaji, msomaji wako wa siku nyingi