Mama Nasra, usisubiri Machi

London, 9 Novemba 2025

Shosti yangu Mama Nasra,

Hamjambo huko Leicester, watoto wazima? Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye basi sikuambulia kitu, ya pili nikakaa kitako jikoni nikaisikiliza yote, nikaona bora nikuandikie maana sisi kwenye simu tutaanza na lisi ya flati yako (lease, ule mkataba wa kumiliki flati kwa idadi ya miaka huku ardhi ni ya mwingine) tumalizie kwenye harusi ya mtu.

Kwanza hilo la kusubiri. Unasema jirani kakwambia mpaka utimize miaka miwili toka ununue ndo uruhusiwe kuomba kuongeza lisi. Zamani ilikuwa hivo kweli, ila hiyo miaka miwili imefutwa toka 31 Januari mwaka huu. Na wewe muda wa kusubiri huna shosti, nimeivuta ile picha uliyonitumia mpaka herufi zikasomeka, imeandikwa miaka 99 kuanzia 25 Machi 2007. Sio toka siku uliyonunua wewe! Hata flati iuzwe mara kumi hesabu haianzi upya, wewe umenunua iliyobaki. Kwahiyo ikifika 25 Machi mwakani umebakiwa na 80, baada ya hapo unaingia 79 na ushee, na hapo ndo pabaya.

Pabaya kwa sababu hii: ikishuka chini ya 80 mwenye ardhi anaruhusiwa kudai nusu ya ile thamani inayoongezeka flati ikipata lisi ndefu, wenyewe wanaiita thamani ya ndoa. Ndoa gani sasa, harusi hatukualikwa ila mahari tunalipa sisi. Ukipeleka notisi kabla, yani barua rasmi ya kudai kuongezewa lisi, hata kama mazungumzo yataenda mpaka Desemba mwakani, bei inapigwa kwa tarehe ya notisi, hiyo thamani ya ndoa hawaigusi.

Najua utaniambia kuna sheria mpya. Ipo, ilipitishwa Mei 2024, na inasema ndoa hiyo itafutwa na utapewa miaka 990, lakini hizo sehemu mbili mpaka leo hazijaanza kutumika na tarehe hawajataja. Mimi siwezi kuweka flati rehani kwa ahadi ya serikali, toka nyumbani tumezifahamu ahadi hizo.

Sasa nikwambie yangu, maana nilibaki kidogo nilie. Lisi yangu ilianza 24 Juni 2006, yani mwisho wangu wa kubaki juu ya 80 ulikuwa Juni hii iliyopita. Februari nikaletewa barua na kampuni inayomiliki ardhi, karatasi nzito, maneno laini, eti mteja wetu mpendwa tunakupa lisi ya miaka 125, hakuna haja ya mambo mengi ya kisheria, jibu ndani ya siku 28. Nikafurahi! Nikamwonyesha baba watoto, na yeye akafurahi. Kalamu mkononi, ndo naona kwa chini wameandika 125 kuanzia 2006. Kumbe ile 99 wameigeuza 125, wananiongezea 26 tu, alafu kodi ya ardhi (ground rent, tunayomlipa mwenye ardhi) inabaki vilevile, pauni 250 kwa mwaka inayojizidisha mara mbili kila miaka 25, kwahiyo 2031 ni 500, 2056 ni 1,000. Nikairudisha kwenye bahasha yake.

Njia ya sheria, ile sheria ya zamani ya 1993 inayotumika bado, unapata miaka 90 juu ya iliyobaki, na kodi ya ardhi inakufa kabisa. Yani sheria inasema kodi ni punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, hiihii ya pilau, sikutanii, na hata hiyo hakuna anayekuja kuidai.

Nilichofanya, nilitafuta savea wa kukadiria bei na solisita (wakili) anayefanya kazi hizihizi, sio yule wa kununulia nyumba, maana notisi ikikosewa tarehe au jina la mwenye ardhi inaweza kutupwa. Nikapeleka mwisho wa Mei nikitaja bei yangu, pauni 9,500. Wakaniomba amana asilimia kumi, 950. Notisi inawapa miezi miwili isiyopungua ya kujibu, na wao walijibu siku mbili kabla haijaisha, wanataka 19,000! Moyo ulinidunda, savea akanicheka, kumbe ndo mchezo wenyewe. Mwezi uliopita tumekubaliana 14,200. Ongeza gharama za solisita na savea wangu, na za upande wao pia unalipa wewe, hapo ndo paliponiuma, mtu anakupangia bei kwa pesa yako mwenyewe.

Kitu cha kuandika kwenye kalenda ya ukutani: wakishajibu, kama hamjaelewana una miezi sita tu ya kupeleka kesi kwenye baraza la nyumba, na miwili ya mwanzo hairuhusiwi. Ikipita sita umekaa kimya, notisi imekufa, na unasubiri mwaka mzima kupeleka nyingine. Kwako mwaka mzima ni kuanguka chini ya 80.

Ukitaka kuuliza bure kabla hujatoa hela, wapigie Leasehold Advisory Service, wenyewe wanajiita LEASE. Namba ya solisita wangu nakutumia WhatsApp, mwambie nimekutuma mimi, ila uwapigie na wengine wawili ulinganishe bei, asikupige kisa mimi.

Na ukurasa wa tano wa lisi umeupiga picha umekatika, naona kidole chako na nusu ya sentensi. Piga tena leo, mchana kwenye mwanga, nataka kuona kodi yako ya ardhi inapanda vipi.

Nisalimie wanao.

Mimi shosti wako