Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wenye kifafa, walezi na wazee wetu mliofika, assalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazijua. Kliniki ya kila mwezi tumewakumbusha, shule 3 za hapa Mtwara tumezitembelea kueleza kwamba povu la mgonjwa haliambukizi, na Jumatatu ya pili ya Februari tuliadhimisha Siku ya Kifafa Duniani. Yatosha.

Nije kwenye lile linalosemwa vibarazani, kwamba mwenyekiti amemaliza hela za chama kwa "kupeleka watu Dar wakalale". Kamati ilitumia shilingi 1,180,000 kuwapeleka wanachama 4 na walezi wao kupimwa mawimbi ya ubongo wakiwa usingizini: nauli, malazi na kipimo chenyewe. Wazo lilikuwa langu, na silikani.

Mnauliza mtu anayeanguka mchana anapimwaje usingizini. Mtu akisinzia, seli za ubongo huanza kwenda kwa mpigo mmoja, na hitilafu iliyojificha akiwa macho hujitokeza kwenye mistari ya mashine. Mawimbi hayo Hans Berger aliyarekodi kwa binadamu mwaka 1924 huko Ujerumani, na miaka ya 1940 Frederic na Erna Gibbs wa Marekani wakaonyesha kwamba usingizi huyafichua yale ya kifafa. Si uzushi wa kamati. Kipimo cha kawaida ni dakika 20 hadi 30. Akikaa macho muda wote, majibu yanaweza kutoka safi na kifafa anacho. Ndiyo maana daktari aliagiza wakeshe kwanza.

Hapo ndipo tulipoharibikiwa. Waliopimwa sawasawa ni 2 tu. Mmoja alipanda basi la usiku, akalala fofofo tangu Mingoyo njiani, akafika ameshiba usingizi. Mwingine alikwenda na misuko iliyopakwa mafuta. Visahani 21 vya mashine, vinavyobandikwa kichwani kunasa mawimbi, havikushika ngozi, mistari ikajaa mikwaruzo, akarudishwa. Lakini maelekezo niliyatoa kwa mdomo mara 2 na kwa karatasi mara 1: misuko ifumuliwe, nywele zioshwe kwa sabuni bila mafuta, asafiri mchana, siku moja kabla, usiku ule mtu mzima asizidishe saa 4 za usingizi, chai, kahawa na soda za kola asiguse, na mlezi akeshe naye, maana kukosa usingizi kwenyewe huita kifafa. Dawa ameze kama kawaida mpaka daktari aseme vingine. Nasikia kuna waliotaka kuacha fenobabitoni, dawa yao ya kifafa, "ili kipimo kisome vizuri". Ukiiacha ghafla, degedege linaweza kuja lisikatike, na likipita dakika 5 hiyo ni safari ya hospitali.

Faida? Kijana mmoja aliyekuwa akirusharusha mikono kila akiamka alikuwa anatumia cabamazepini, dawa ya kifafa ambayo kwa aina ya kifafa alichonacho huweza kuzidisha tatizo. Mashine ilionyesha, daktari akabadilisha dawa. Kwa huyo peke yake mimi sijutii hata senti.

Na lile zuio la wanachama wenye kifafa kukesha kwenye ngoma za unyago na kwenda kuvua dagaa usiku halijaondolewa, hata mkinuna.

Sasa mahudhurio. Tuko 64. Mkutano wa Agosti walifika 11, akidi ikakosekana. Wa Novemba nikaambiwa watu wako kwenye korosho. Hela za korosho zilipoingia, ada haikuonekana. Wanaolalamika kwamba hawakushirikishwa uamuzi wa Dar ndio hao hao. Ada ni 2,000 kwa mwezi, waliomaliza mwaka mzima ni 19, nami nimo. Mapato yote, pamoja na misaada ya 900,000, ni 1,534,000, matumizi 1,402,000, salio 132,000. Risiti zipo, anayetaka aje azione, asizisimulie bila kuziona.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuanzisha mfuko wa nauli, na tuone kama wataalamu wanaweza kuombwa waje na mashine huku kwetu. Mweka hazina amekaa mlangoni na daftari, na leo anapokea hata nusu.