Hijazi asubuhi ya Jumamosi

Swahiba,

Vipi, fidla ushaitia nyuzi mpya au bado unawapigia majirani kelele tu haha. Miye mzima ila baridi ya Brooklyn ishaanza kunitia adabu. Sasa nikupe kali, Jumamosi nilikuwa sinagogi. Ndio, miye! Mzee mwenye duka ninapofanya kazi ni Myahudi, wazee wake walitoka Aleppo kule Syria, wenyewe wanaita Halab, siku moja akanisikia naimba taarabu chini chini huku napanga maboksi akasimama tu, akaniambia hiyo Bayati umeitoa wapi wewe? Bayati si ndo moja ya zile maqamu, ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Basi tukawa marafiki.

Sasa we sikia. Hakuna ala hata moja, Sabato kwao haipigwi udi wala ganuni, ni sauti tupu. Ilipofika dua inaitwa Nishmat yule hazan, ndo muimbishaji wao, akaingia maqamu ya Hijazi, wallahi ile yenyewe, ule mruko wa noti ya pili kwenda ya tatu unaokata maini, na watu wakamdaka pale pale. Nikapeleka mkono mfukoni nikurekodie, mzee akanishika kiganja taratibu bila hata kunitazama. Simu haramu siku hiyo, nilisahau kabisa, aibu nliyopata!

Kumbe kila wiki ina maqamu yake, wanachagua kufuata sehemu ya Taurati inayosomwa, na wiki hii ilikuwa kifo cha bi Sara mke wa Nabii Ibrahimu ndo maana Hijazi, ya msiba. Ikisomwa habari ya kutahiri wanaimba maqamu ya Saba. Saba kwenye tohara jamani, si ndo ya kulilia ile? Nikamwambia mzee labda mnamhurumia mtoto, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini kilichonimaliza ni hiki, anasema mahazan wao walikuwa wanachukua melodi za Umm Kulthum na Abdel Wahab, wale waimbaji wakubwa wa Misri, wanazitia maneno ya Kiebrania ya sala. Sasa si ndo walivyofanya wazee wetu Unguja na Kiswahili? Cairo moja, sisi tukaenda nayo harusini wao wakaenda nayo msalani, namaanisha kwenye sala usinicheke.

Jumapili nakupigia, kaa na fidla karibu. Kuna kipande cha Nishmat nimekishika kichwani, nikuimbie ukitafute unambie kama kweli Hijazi au masikio yangu yashazeeka.

Wako,
miye