Barua kwa mwanangu aliyeondolewa zamuni

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako za Jumapili nilizipokea, ila simu ile haikunitosha. Ulilia, nami nikakosa la kusema, nikampa mama yako simu. Tangu siku hiyo kila nikienda kuwakatia ng'ombe majani nakuwaza wewe, nikaona heri niandike.

Umesema ulianguka mtihani wa mwaka kwenye simuleta, kile chumba cha mazoezi kinachoigiza chumba cha kuendeshea kinu chenu cha nyuklia. Katika zoezi bomba la ndani ya jenereta ya mvuke, ile inayochemsha maji kwa joto la kinu, lilipasuka, ukachelewa kuitenga ile jenereta, watahini wakaandika kosa. Sasa unafundishwa upya, na hutagusa swichi ya kinu mpaka urudie mtihani na kufaulu. Ukaniambia, "Baba, miaka tisa ya leseni, leo nakaa na wanafunzi." Neno hilo ndilo limenishikisha kalamu.

Unakikumbuka kile kidude cheupe, kizito, kilichokuwa dirishani, mlichokuwa mkikichezea wewe na kaka yako mkakiita yai la mbuni? Hamkuwahi kuniuliza kilitoka wapi, nami sikusema. Kilitoka kwenye mashine namba mbili ya kituo chetu cha umeme wa maji, masika ya 1986, usiku wa zamu yangu.

Mto ulikuwa umeshuka na matope na magogo. Mwenzangu alikuwa nje anaondoa takataka kwenye chujio, mimi peke yangu ndani. Taa ya pampu ya maji ya kupozea beringi, zile zinazobeba mhimili wa mashine unapozunguka, inawaka. Geji ya joto la beringi inapanda, kidogo kidogo. Nikaitazama geji, nikaitazama taa, nikaiamini taa. Nikajiambia geji imeharibika, maana wiki iliyotangulia ilikuwa imetusumbua kweli. Kumbe ile taa ilikuwa inasema mota imewashwa, basi. Kiungo kati ya mota na pampu kilikuwa kimekatika. Mota inazunguka, maji hayaendi. Niliposikia harufu ya mafuta yanaungua nikasimamisha mashine, lakini madini ya beringi yalikuwa yameshayeyuka; yalipoganda ndiyo yakawa yai lenu la mbuni. Hakuna aliyeumia. Mashine ililala wiki saba.

Cheti nilikuwa nacho. Nilikipata 1979, na tangu hapo hadi nastaafu hakuna aliyeniketisha tena akaniuliza: taa hii inaonyesha nini hasa? Hata baada ya usiku ule sikufundishwa upya. Nilipewa barua ya onyo, wiki iliyofuata nikarudi kwenye kiti kile kile, nisichokijua sikijui bado. Kila masika mkono ulikuwa unanitetemeka kwenye swichi. Hilo liliniuma kuliko onyo.

Ndiyo maana uliponisimulia ajali ya kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, wakati unasomea leseni, nilinyamaza ukadhani mtandao umekatika. Saa kumi alfajiri, 28 Machi 1979, Pennsylvania, Marekani. Vali ya kupunguza presha ikafunguka, ikakwama wazi. Taa yake mezani ikazimika, wakaamini vali imefunga. Kumbe taa ilionyesha tu kwamba umeme wa kuishikilia wazi umekatwa. Maji yakatoka kwa zaidi ya saa mbili, na wao wenyewe wakapunguza maji ya dharura, kwa kuwa walifundishwa wasiache tangi la presha lijae maji. Karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Wale walikuwa watu wenye leseni, mwanangu, wala hawakuwa wamelala. Simuleta waliyofanyia mazoezi kule Lynchburg haikuwa imepangwa kuwaonyesha hali kama ile. Na vali ya namna hiyo ilikuwa imeshakwama hivyo hivyo Septemba 1977 kwenye kituo kingine, Davis-Besse, Ohio. Wenzao wakagundua baada ya dakika kama ishirini, wakaziba njia. Somo hilo halikuwafikia wa Pennsylvania. Hapo ndipo huwa nashindwa kulala nikifikiria.

Mwaka ule ule wa 1979 makampuni yenye vinu huko Marekani yakaunda INPO, taasisi yao ya usalama, ili kosa la kituo kimoja lifundishe kingine. Mwaka 1987 kanuni zikataka mtihani wa vitendo ufanyike kwenye simuleta inayofanana na chumba chenu wenyewe cha kuendeshea kinu. Leo leseni yako ni ya miaka 6, mtihani wa vitendo kila mwaka, wa kuandika ndani ya kila miezi 24, na kila baada ya wiki chache timu nzima mnatoka zamu mnaingia darasani. Hata asiyekosea, miezi mitatu ikipita hajafikisha zamu tano za saa 12, haruhusiwi kurudi kwenye kiti hivi hivi. Wewe unayaona ni mzigo. Mimi nayatamani kama mtu anavyotamani ujana wake.

Sasa nikuombe mambo mawili. Mwalimu akikuuliza kwa nini ulichelewa kuitenga jenereta, usimjibu "nilisahau". Tafuta dakika zile macho yako yalikuwa wapi, na kwa nini. Mimi ningeulizwa hivyo 1986, ningejibu kwamba niliiamini taa kwa sababu ndiyo iliyonipa jibu nililolitaka. Ilinichukua miaka kulijua hilo, peke yangu, bila mwalimu.

La pili, wenzako wa zamu waeleze ulivyokosea, hatua kwa hatua, usiwafiche. Kuna mmoja wao ambaye angekosea pale pale ulipokosea wewe, na hajui.

Mama yako mkubwa anasafiri kuja huko mwezi ujao. Nimempa lile yai la mbuni, nimelifunga kwenye kanga ya mama yako. Uwanja wa ndege wakimuuliza, aseme ni madini ya beringi. Kuna na kahawa kilo mbili, ya miti ile ya karibu na mfereji, niliikaanga mwenyewe.

Umesema mtihani wa marudio ni Alhamisi. Ukitoka tu, piga simu, hata kama huku ni usiku wa manane. Nitakuwa macho.

Baba yako